Swali la Kumi na Saba

Kurasa za majibu tuliwashia jiko mwezi Januari,
usiku ule makaa yalipokuwa na unyevu
na Naryn imeshuka hadi hasi thelathini na moja.
Kwa hiyo kitabu changu huuliza tu.
Hakijibu.

Nilikwama swali la kumi na saba:
shamba la mstatili, urefu wazidi upana kwa mita tano,
eneo mita za mraba themanini na nne. Tafuta urefu.
Nikaandika x. Nikaifuta. Nikaiandika tena
mpaka karatasi ikatoboka,
nikalala pale pale, shavu juu ya tundu.

Asubuhi, kando ya tundu,
kwa penseli isiyo yangu: 12.
Basi. Kavu. Hata mstari mmoja wa kuifikia haukuwepo.

Bi Kanyshai akaizungushia wino mwekundu.
“Jibu lisilo na njia, Tilek, ni mgeni
aliyeingia ndani bila hodi. Limepitia wapi?”
Dirishani, nikasema. Darasa likaangua kicheko.
Nikapewa sifuri, ya mviringo kabisa,
ningeweza kuipima nusu kipenyo.

Usiku wa tatu nikajifanya nakoroma.
Mama alirudi kutoka yadi ya makaa nyuma ya soko,
anakopima mizigo ya watu,
akavua glavu, akakiinua kiti kisiburure,
akafungua kitabu changu
kama mtu anayefungua barua ya mwingine.
Kwamba hakumaliza darasa la tisa, nilijua.
Sikujua kwamba akigawanya
midomo yake hutembea.

“Mama, njia iko wapi?”

Penseli ilimdondoka. Kisha, bila kugeuka:
“Njia? Lori linaingia limejaa, tani kumi na moja nukta nne.
Linatoka tupu, nne nukta mbili.
Kilichobaki yadini ndiyo hiyo x yenu.
Miaka kumi na tisa naitafuta x kwa mshahara,
na ole wangu mizani ikilalia upande.
Nani amewahi kuniuliza njia?”

Nikavuta kigoda. Nikamwonyesha mabano:
x toa kumi na mbili, x jumlisha saba,
zidisha, upate sifuri.
Majibu ni mawili, nikamwambia, kumi na mbili na hasi saba,
na hasi saba tunaitupa,
shamba haliwi na urefu hasi.
“Tunaitupa?” Akaikodolea macho.
“Mji huu, hasi saba ni siku ya kufungua vifungo vya koti.”
Hata hivyo akaikata, mstari mmoja, polepole,
kama anayeiomba radhi.

Takwimu hakuziamini hata chembe.
“Mimi nina magunia kumi, Jyldyz wa ng’ambo hana hata moja,
wastani matano. Haya, nenda kamgongee,
umwambie ajifunike na matano yake.”
Nikamweleza kuna kipimo kingine, mtawanyiko,
kinachosema nani yuko mbali na nani.
Akanyamaza. Akaliandika neno hilo
pembeni mwa kitabu cha risiti za yadi, akalipigia mstari.

Sasa ni Machi. Mtihani ni Juni, wangu;
wake hakuna aliyeupangia tarehe.
Tumefika kwenye duara:
kutoka nukta P, nje, tangenti mbili,
pembe iliyo kati yake digrii hamsini,
tafuta pembe iliyo kwenye mzingo.
Kila mtu na karatasi yake, mkono umekinga,
birika linatokota, hatulitazami.
“Moja, mbili,” anahesabu, “geuza.”

Mimi: mia moja na thelathini.
Yeye: sitini na tano.

Moja ni nusu ya nyingine.
Ama mmoja wetu kaishia njiani
ama mwenzake kapitiliza kituo,
na ukurasa wa kutuamua ulikwisha kuwa moshi.
Mama analamba ncha ya penseli.
“Rudi kwenye P,” anasema. “Twende tena, wewe uongoze.”